EMIN PASHA NA UMBALI WA NILE MAGHARIBI

Ndugu msomaji, kutoka kiwanja cha ndege cha Arua hadi mji wa Koboko, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita kama 40 tu. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 200 kwa saa ingeumaliza umbali huo kwa dakika 12 hivi, na abiria asingepata hata nafasi ya kumzoea jirani yake. Kwa gari, kupitia barabara ya lami itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko, na kuishia Oraba mpakani mwa Sudani Kusini, safari ni ya kilomita kama 55, nayo huchukua kiasi cha saa moja. Na kutoka Entebbe hadi Arua ni kilomita zipatazo 375 kwa njia ya anga, yaani safari ya saa moja na ziada kidogo.

Hesabu hizi tunazitaja kwa sababu katika nchi hiyo hiyo, zaidi ya miaka 100 iliyopita, aliishi mtu aliyeijua elimu ya umbali kuliko wengi wa zama zake. Kila alipokwenda alichukua dira na saa, akaandika mwelekeo wa njia na muda wa mwendo, na taarifa zake zikachapishwa katika majarida ya jiografia ya Ujerumani. Hata hivyo mtu huyo alikwama katika jimbo lake miaka mingi, na alipolitoka aliwaacha nyuma askari wengi aliowaongoza. Mtu huyo ni Emin Pasha, gavana wa mwisho wa Jimbo la Equatoria chini ya serikali ya Misri. Katika makala haya tunakusudia kueleza maisha yake, na hasa jambo lile lililomshinda.

UTOTO NA SAFARI ZA MWANZO

Emin hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, uliokuwa wakati huo katika dola ya Prussia, na ambao leo umo nchini Poland. Jina lake lilikuwa Eduard Schnitzer, nao wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba yake alifariki mtoto akiwa mdogo, mama akaolewa na Mkristo, na watoto wakabatizwa. Kijana Eduard alisomea udaktari, akahitimu mwaka 1864, lakini hakupata ruhusa ya kufanya kazi hiyo nchini kwake. Hapo akafunga safari kuelekea dola ya Waturuki.

Mwaka 1865 alikuwa daktari wa karantini katika bandari ya Antivari, kwenye pwani ya Bahari ya Adriatiki. Huko akajifunza Kituruki na lugha nyingine za nchi hizo, kwa maana alikuwa na kipaji cha lugha kisicho cha kawaida. Baadaye aliingia katika utumishi wa Ismail Hakki Pasha, gavana wa Kituruki wa kaskazini ya Albania. Gavana huyo alipofariki mwaka 1873, Schnitzer alirudi kwao pamoja na mjane na watoto wa marehemu, akawatambulisha kama jamaa zake mwenyewe. Mwaka 1875 akaondoka ghafula bila kuaga. Desemba mwaka huo alikuwa Khartoum, akiwatibu wagonjwa na kukusanya ndege na wanyama kwa ajili ya majumba ya makumbusho ya Ulaya. Jina alilojulikana nalo sasa ni Mehemed Emin.

GAVANA WA EQUATORIA

Wakati huo Jimbo la Equatoria lilikuwa chini ya Mwingereza Charles Gordon, aliyetumwa na mtawala wa Misri. Gordon alimwita Emin awe mganga mkuu wa jimbo, na Mei 1876 Emin akawasili Lado, makao makuu yaliyokuwa ukingoni mwa Nile, jirani na mahali ulipo mji wa Juba leo. Kazi yake haikuishia katika dawa. Gordon aliona kuwa mganga huyu anajua kusema na watu, akamtuma kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1876, na kwa Omukama Kabarega wa Bunyoro mwaka 1877. Mwaka 1878, Gordon akiwa amekwisha kuwa gavana mkuu wa Sudani yote, alimteua Emin kuwa gavana wa Equatoria.

Jimbo lilikuwa kubwa, na njia zake zilikuwa chache. Mji wa Arua haukuwapo bado. Waingereza waliuanzisha mwaka 1914, baada ya sehemu ya kusini ya eneo lililoitwa Lado kuhamishiwa Uganda. Vituo vya Emin vilijipanga kama shanga katika uzi, na uzi wenyewe ulikuwa Nile: Lado, Rejaf, Labore, Dufile, Wadelai, na mwisho Ziwa Albert. Upande wa magharibi kulikuwa na vituo vya Makaraka, jirani na nchi ya Wakakwa, ambako Koboko ipo leo. Wadelai iko kiasi cha kilomita 60 kutoka Arua ya sasa. Kati ya Wadelai na Dufile kuna kama kilomita 100 kwa mstari ulionyooka. Huko Gordon alikuwa ameunda meli mbili za moshi, Khedive na Nyanza, zilizobebwa vipande vipande kuyapita maporomoko ya Fola, kwa kuwa hapana chombo kiwezacho kupanda maporomoko hayo.

Emin alikuwa mtawala wa kalamu kuliko upanga. Aliwafukuza wafanyabiashara wa watumwa, akahimiza kilimo cha pamba, mpunga na kahawa, akaipatia hazina ya jimbo ziada pale palipokuwa na upungufu. Usiku aliandika, akiwa ameuinamia ukurasa kwa sababu ya uoni wake hafifu. Hata leo wataalamu wa wanyama wanamwita panya buku wa misitu ya Afrika ya kati kwa jina la Emin.

Lakini haki yataka tuseme na la pili. Serikali aliyoitumikia ilikuwa ya kigeni, na wenyeji hawakuiomba. Askari wa vituoni walilishwa kwa nafaka na ng'ombe wa wananchi, mara nyingi kwa nguvu. Watu waliokuwa wakinyang'anywa mtama hawakuwa na sababu ya kumsifu gavana kwa sababu ya vitabu vyake vya jiografia.

HABARI ZAKAWIA

Sisi tuliopitia chuo cha maofisa tulifundishwa kwamba njia haipimwi kwa umbali pekee. Hupimwa pia kwa muda, na kwa usalama wa njia yenyewe. Maisha ya Emin ni mfano wa funzo hilo.

Kutoka Lado hadi Khartoum, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 1,200. Ndege ya abiria ya leo ingeuruka umbali huo kwa muda wa saa mbili hivi. Katika zama za Emin njia ilikuwa ni mto, na mto ulikuwa na tabia ya kuziba. Kati ya mwaka 1878 na 1880 magugu yaliziba Nile hata meli zisiweze kupita, na Equatoria ikakaa kama kisiwa. Halafu mwaka 1881 Muhammad Ahmad, aliyeitwa Mahdi, aliinua bendera ya kuipinga serikali ya Misri nchini Sudani. Mwaka 1883 meli ya mwisho kutoka Khartoum ilifika Lado. Hapakuja nyingine.

Mwaka 1884 jimbo jirani la Bahr el Ghazal lilisalimu amri, na Emin akaletewa barua ya kumtaka naye afanye vivyo hivyo. Alichelewesha majibu, akakusanya askari wake, na mwaka 1885 akarudi nyuma kusini na kuweka makao yake Wadelai. Alikuwa na wageni wawili tu kutoka Ulaya: Wilhelm Junker, mpelelezi wa nchi kutoka Urusi, na Gaetano Casati, Mwitaliano.

Khartoum ilianguka tarehe 26 Januari 1885, na Gordon akauawa siku hiyo. Emin hakujua. Barua ya serikali ya Misri iliyomweleza kwamba Sudani imeachwa, na kwamba ajitafutie njia ya kutokea Unguja, iliandikwa Kairo mwezi Mei mwaka huo. Ilikwenda kwa meli mpaka Unguja, ikabebwa kwa miguu mpaka Buganda, ikapitishwa Bunyoro, na ikamfikia Wadelai Februari 1886. Miezi kumi na mitatu ilikuwa imepita tangu mji uanguke. Gavana alikuwa akiulinda mpaka wa serikali ambayo haikuwapo tena.

Junker aliondoka mwanzoni mwa mwaka 1886 akafanikiwa kufika pwani mwishoni mwa mwaka huo, akiwa na barua za Emin. Ulaya ikashtuka. Fedha zikachangwa, na Henry Stanley akapewa kazi ya kwenda kumwokoa gavana.

MWOKOZI MWENYE MATAMBARA

Stanley aliondoka Unguja mwaka 1887 akiwa na wapagazi Wazanzibari zaidi ya 600. Badala ya kupita njia fupi ya pwani ya mashariki, aliizunguka Afrika kwa meli mpaka mdomo wa mto Kongo, akaupanda mto, kisha akaingia katika msitu wa Ituri. Njaa, maradhi na mishale viliwamaliza watu wake. Tarehe 29 Aprili 1888 alionana na Emin kando ya Ziwa Albert. Emin alifika katika meli yake Khedive, akiwa nadhifu katika mavazi meupe. Mwokozi na watu wake walikuwa wamevaa matambara, na yule aliyekuja kuokolewa ndiye aliyewagawia chakula na nguo.

Stanley alimletea risasi chache na chaguo tatu: arudi Misri, aitumikie Kongo ya Mfalme Leopold, au ahamie karibu na Ziwa Victoria chini ya kampuni ya Waingereza. Emin hakuamua. Alisema atakwenda ikiwa watu wake watakwenda. Na hapa ndipo lilipo jambo lililomshinda.

UASI WA DUFILE

Stanley alirudi msituni kuwatafuta watu wake aliowaacha nyuma. Ofisa wake kijana, Jephson, alibaki ili afuatane na Emin kutoka kituo hadi kituo, akiwasomea askari barua za mtawala wa Misri na kuwauliza kama wanataka kuondoka.

Mwezi Agosti 1888 walifika Labore. Askari walikusanyika, barua ikasomwa. Askari mmoja akatoka mstarini na kusema hadharani kwamba barua ni ya uongo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: wao walikuja kwa njia ya Khartoum, njia ya Misri ni Khartoum, hakuna njia nyingine waijuayo, na kama Misri ingewataka ingewaita kwa njia hiyo. Emin kwa hasira akamkamata. Papo hapo askari wenzake wakaelekeza bunduki kwa gavana wao. Hapakumwagika damu siku ile, lakini amri ilikuwa imekwisha kuvunjika. Siku chache baadaye Emin na Jephson waliwekwa kifungoni katika ngome ya Dufile.

Tukilitazama jambo hili kijeshi, askari yule hakuwa mjinga. Miaka mingi alikuwa ameambiwa kuwa Khartoum ipo na meli zitakuja. Ghafula anaambiwa kuwa Khartoum imeanguka zamani, na kwamba lazima aifuate njia ya kusini asiyoijua, pamoja na wake na watoto, nyuma ya mgeni mwenye nguo zilizochanika. Akaona kwamba anapelekwa kuuzwa. Emin alikuwa na ramani, askari hakuwa nayo. Emin alizipata habari kwa barua kutoka Kairo, askari alizipata kwa uvumi wa kituoni. Kati ya watu hao wawili waliosimama katika uwanja mmoja, umbali ulikuwa mrefu kuliko ule wa kwenda pwani.

Ukweli ulithibitika hivi karibuni, tena kwa bunduki. Mwezi Oktoba 1888 majeshi ya Mahdi yalishuka Lado kwa meli, yakaiteka Rejaf na kuua maofisa na askari wengi. Emin akafunguliwa. Mwishoni mwa Novemba majeshi hayo yaliishambulia Dufile, na askari wale wale walioasi wakapigana kwa ushujaa wakayarudisha nyuma. Aliyejitokeza zaidi katika ulinzi huo alikuwa ofisa Selim Bey.

SAFARI YA PWANI

Stanley aliporudi ziwani mwanzoni mwa mwaka 1889, alimpa Emin muda wa mwisho. Selim Bey alikwenda Wadelai kuwakusanya askari na jamaa zao. Kazi hiyo haikuwa ndogo: maelfu ya watu, mizigo, wagonjwa, watoto, na maofisa wasioaminiana. Siku zikapita. Emin aliomba wangojewe. Stanley alikataa, na tarehe 10 Aprili 1889 msafara ukaanza, ukiwa na watu kama 1,500. Watu wa Emin katika msafara huo walikuwa karibu 600 tu. Ujumbe wa Selim Bey wa kuomba wangojewe uliwafikia wakiwa njiani. Hawakurudi.

Safari ilichukua karibu miezi minane. Tarehe 4 Desemba 1889 walifika Bagamoyo. Katika wale karibu 600, karibu nusu tu ndio walioiona bahari. Emin alimfikisha salama binti yake mdogo, Ferida, ambaye mama yake, Mhabeshi, alikuwa amekwisha kufariki. Usiku ule ule, katika karamu ya kuwapongeza, Emin ambaye macho yake yalikuwa dhaifu alianguka kutoka dirisha la ghorofani akavunjika fuvu. Alilazwa hospitalini wiki nyingi.

Alipopona hakwenda Ulaya. Mwaka 1890 aliingia katika utumishi wa Wajerumani, na mwezi Novemba mwaka huo akaanzisha kituo cha Bukoba. Mwaka 1891 alipita magharibi ya Ziwa Albert, akawakuta askari wake wa zamani huko Kavalli pamoja na Selim Bey. Aliwataka wafuatane naye. Wakakataa. Akaendelea na njia yake kuingia Kongo, macho yakizidi kufifia na ndui ikiwapukutisha watu wake. Mwezi Oktoba 1892, huko Kinena, aliuawa kwa amri ya Kibonge, mmoja wa wakuu wa wafanyabiashara wa watumwa. Alikuwa na umri wa miaka 52.

WALE WALIOACHWA

Historia nyingi huishia hapo. Kwa wananchi wa Nile Magharibi, na kwa majeshi ya Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya habari ndiyo kwanza inaanza.

Askari wa Selim Bey walichukuliwa na Mwingereza Lugard mwaka 1891, mamia kadhaa ya wenye bunduki pamoja na maelfu ya wake, watoto na watumishi, wakapelekwa Toro na Buganda. Wengine waliobaki kaskazini chini ya Fadl el Mula waliingia katika utumishi wa Kongo ya Leopold mwaka 1892. Mwaka 1894 Fadl el Mula aliuawa katika vita na majeshi ya Mahdi, na masalia ya kikosi chake wakaletwa Uganda. Kutokana na watu hao Waingereza waliunda jeshi la Uganda Rifles mwaka 1895. Mwaka 1897 askari hao waliasi, wakichoshwa na safari zisizokwisha na ujira mdogo. Mwaka 1902 jeshi hilo likaingizwa katika King's African Rifles.

Wajukuu wao ndio wanaoitwa Wanubi. Wapo Arua, wapo Koboko, wapo Bombo, na wapo Kibera jijini Nairobi. Lugha yao, Kinubi, imetokana na Kiarabu cha kambini. Na Kiswahili kilichosemwa katika kambi za King's African Rifles kilienea Nile Magharibi kwa midomo ya askari, kikawa lugha ya kuelewana baina ya Mkakwa, Mlugbara, Mmadi na Mualur waliokutana katika kikosi kimoja.

Mwaka 2006 wataalamu wa mambo ya kale walianza kuichimba ngome ya Dufile. Boma la udongo na handaki lake bado vinaonekana kando ya Nile, pale ambapo gavana alifungwa na watu wake, na pale ambapo watu hao hao walisimama imara adui alipokuja.

Ndugu msomaji, Emin Pasha hakukosa elimu, hakukosa huruma, wala hakukosa ujasiri wa kukaa pale wengine walipokimbia. Alikosa kuwaeleza askari wake ukweli mapema, kwa lugha yao, na kabla uvumi haujatangulia. Kwa hiyo, aliyepimia Ulaya njia za Equatoria hakuweza kuwaonyesha watu wake njia moja ya kutokea. Leo ukweli unaweza kusafiri kutoka Arua hadi Koboko kwa muda mfupi kuliko hata zile dakika 12 za ndege. Kiongozi anayeuchelewesha hana tena kisingizio cha magugu ya Nile.